Picha za Jumapili Zimetangulia Nyumbani

"Zimeshakwenda, binti yangu. Saa hizi nadhani ziko njiani Butiama."

Mzee Shomari alisema hivyo akitabasamu, huku akifuta kioo cha meza yake kwa kitambaa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemtendea mwenzake jema na anangoja kumwona mwenzake akifurahi. Wankyo alisimama mlangoni mwa studio, mkoba begani, vumbi la chaki bado mikononi, kwa kuwa alitoka moja kwa moja kwenye darasa lake la chekechea kule Bweri.

"Zimekwenda wapi, mzee?"

"Nyumbani kwenu Nyamuswa. Baba yako mdogo Yusto alipita hapa kupiga passport. Aliposema anatoka Nyamuswa nikamwuliza, unamjua Wankyo wa Mzee Machage? Akacheka, akasema huyo ni mwanangu kabisa, nimembeba mgongoni. Basi nikamkabidhi bahasha. Nikasema ngoja nimwokolee mtoto wa watu nauli."

Hivyo ndivyo Mzee Shomari alivyofanyaga tangu zamani. Watu wa visiwani na watu wa Bunda ndani huko walileta simu zao, akachomeka waya kwenye kompyuta, akasafisha picha. Picha zikiwa tayari hakumsumbua mwenyewe arudi mjini. Jirani yeyote aliyepita alizichukua, zikafika. Wengi walimshukuru kwa hilo.

Wankyo aliushusha mkoba begani.

"Mzee, ulisafisha zipi?"

"Ulizoniambia. Si ulisema za Jumapili? Nimetoa za Jumapili zote. Kipaimara cha mdogo wako kimependeza sana, askofu ametoka vizuri. Na ile yako ya mtandio wa kijani nimeitoa ndogo, na nyingine nimeikuza kidogo, hiyo ya pili ni zawadi, usinilipe. Nikajisemea, kumbe huyu ni binti yetu Waislamu na mimi sijui!"

Wankyo aliushika mlango.

Jumapili ile ilikuwa na asubuhi na ilikuwa na jioni. Asubuhi ilikuwa kanisani Butiama, mdogo wake Leonardi akipokea kipaimara, baba yupo, mama yupo, ukoo mzima umevaa vizuri. Jioni ilikuwa ya Jabiri, kijana ambaye nyumbani hawakumjua. Alikuja kumchukua kwa pikipiki amrudishe Musoma, akamletea mtandio, zawadi kutoka kwa dada yake Yasmin. Wakasimama penye mawe makubwa kando ya barabara. Wankyo akajifunga ule mtandio kwa utani, ukazunguka uso, ukaangukia mabegani. Jabiri akaegesha simu ya Wankyo kwenye kiti cha pikipiki ijipige yenyewe, akakimbia akamshika mkono, akasema, "Tulia, bibi harusi." Wakacheka wote wawili, na simu ikawachukua wakicheka.

Na juzi, alipoleta simu studio, watoto wa darasani walikuwa wanamngoja. Alisema tu, "Mzee, nitolee za Jumapili," zilipohamia kwenye kompyuta akachukua simu, akakimbia.

Mtu asiyejua akiiona picha ile angesema ni ndoa, tena imeshafungwa.

"Mbona umekaa chini, mama?" Mzee Shomari alizunguka meza. "Unaumwa? Nikuletee maji?"

"Naomba simu yako, mzee. Yangu haina salio."

Alimpa bila kuuliza. Akamletea na maji, kisha akaenda kusimama nje mlangoni, akamwacha azungumze peke yake.

Baba mdogo Yusto alipokea akipiga kelele, basi likinguruma nyuma yake.

"Wankyo! Mzigo wako ninao, usiwe na wasiwasi!"

"Shikamoo, baba mdogo. Umeufungua?"

"Marahaba. Nifungue mzigo wa mtu? Mimi mtu wa namna gani? Umefungwa vilevile."

"Naomba ukae nao kwako. Usimpe mtu mpaka nije."

"Haa! Nimeshampigia kaka. Kasema anazingoja, kaita mpaka majirani waje waone. Unataka nikamwambie nini, picha zimekatazwa? Mbona sauti yako inatetemeka, mwanangu? Halo? Halo, nani huyo anakaa kwenye kuku wangu…"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

* * *

Jabiri alikuja kutoka Mwigobero na mikono yake ina grisi hadi viwiko. Alikuwa fundi wa injini za boti, na aliacha injini imefunguliwa ufukweni, mwenye boti akilalamika. Alimpa Wankyo kofia ngumu, akamvalisha koti lake, wakaondoka.

Njia nzima Wankyo aliangalia mbele juu ya bega lake, akitafuta basi. Kila basi walilolikuta alilitazama dirisha kwa dirisha. Walipita Makutano, wakapita Butiama, hawakuona kitu. Mbele kidogo ya Butiama, barabara ikiwa tupu na ng'ombe wachache wakila pembeni, Jabiri alipunguza mwendo, akasimama.

"Mafuta yameisha?"

"Yapo."

"Tairi?"

"Liko zima. Shuka kidogo, Mwalimu."

"Jabiri, sasa hivi si saa ya mchezo! Baba mdogo anaweza kuwa ameshafika!"

"Sichezi. Nataka kukuuliza jambo, na nikiwa naendesha siwezi kukuona uso." Alivua kofia yake. "Tukiipata hiyo bahasha, utafanya nini?"

"Nitazitoa zile mbili."

"Halafu?"

"Nitazichana."

Ilimtoka kabla hajafikiri. Jabiri alimtazama, na macho yake, ambayo siku zote yalikuwa ya mtu anayekaribia kucheka, yakatulia.

"Sawa," alisema taratibu. "Nilitaka kusikia."

"Usinielewe vibaya."

"Nikueleweje? Nilikuomba tangu kabla ya mfungo nitume wazee kwenu. Ukasema tungoje pamba ivunwe. Imevunwa. Ukasema tungoje kipaimara kipite. Kimepita. Kila siku nikikuleta huku nakushusha kabla ya senta ya kijiji, halafu nageuza kama mtu aliyeiba mbuzi. Mimi nimeiba nini, Wankyo?"

"Humjui baba yangu."

"Nitamjuaje? Umewahi kunipeleka?"

"Na nikikupeleka akakufukuza na fimbo?"

"Nitakuwa nimefukuzwa. Wangapi wamefukuzwa na wakwe zao, wakarudi! Lakini huku kufichwa, hata kufukuzwa sijafukuzwa."

Wankyo alifungua mdomo amjibu kwa ukali, badala yake machozi yakaja. Alilia akiwa amesimama barabarani, kofia ngumu bado kichwani, hata ng'ombe mmoja akainua shingo kumtazama.

"Hukuwahi kuniuliza kuhusu dada yangu," alisema.

"Ulisema una dada Mwanza. Basi."

"Prudence. Aliondoka na mwanamume bila kuaga. Tulisikia kwa watu kwamba ameolewa. Baba hakupiga kelele. Aliishusha picha ya familia ukutani, ile tuliyopiga wote Krismasi, akachukua mkasi wa mama wa kushonea, akamkata. Kisha akairudisha palepale. Ukiingia kwetu utaona tumesimama, na katikati yetu pana tundu. Na jina lake halitajwi. Mama hulitajaga jikoni tu, akidhani hasikiwi na mtu." Alifuta pua kwa mkono. "Baba akiona picha yetu ataamini nimeshaolewa kwa siri, na dini nimebadili kwa siri. Hataniuliza. Hakumwuliza Prudence. Nikikatwa na mimi, Jabiri, mama yangu atakuwa amefiwa mara ya pili na watoto walio hai."

Jabiri alisogea karibu. Alitoa chupa ya maji kwenye mfuko wa pikipiki, akamvua ile kofia, akammiminia maji viganjani anawe uso. Alimimina kidogo kidogo, asilowanishe nguo zake.

"Hilo sikulijua," alisema.

"Nilikuwa naona aibu kukwambia."

"Basi nisamehe kwa maneno ya mbuzi." Wankyo akacheka kwa uchungu, kidogo tu. "Twende. Nitakushusha unapotaka. Nitangoja senta, kwa fundi pikipiki. Ukizichana, zichane, sitakulaumu. Lakini unipigie uniambie ukweli. Nikijua umezichana, nitarudi Musoma, na sitakusumbua tena."

"Hutanisumbua maana yake nini?"

"Maana yake nitakupenda nikiwa kwangu," alisema Jabiri, akawasha pikipiki.

Wankyo akapanda nyuma. Sasa hofu zilikuwa mbili, moja ikimvuta mbele na nyingine imekaa mbele yake, inaendesha.

* * *

Alisikia vicheko kabla hajafika uani. Majirani walikaa kwenye mikeka na viti, mama yake akisimama mlangoni na beseni, kwa sababu Mzee Machage hakuruhusu mtu aguse picha kabla ya kunawa. Picha zilikuwa zikipita mkono kwa mkono.

"Mwone Leonardi, kakunja uso kama hakimu!"

"Na huyu nani kalala kanisani? Yusto!"

"Sikulala," Yusto alipiga kelele. "Nilikuwa naomba!"

Wankyo aliamkia wazee mmoja mmoja. Baba yake aliketi pembeni kwenye kiti chake cha kamba, miwani puani. Aliitikia, "Marahaba," wala hakumtazama.

"Bahasha nilimpa kaka mkononi," Yusto alimnong'oneza. "Ilikuwa na gundi yake vilevile. Umeridhika?"

Alinawa. Akaketi kati ya wanawake, akapokea picha, akaziangalia moja moja, akapitisha. Askofu. Kwaya. Mama na shangazi. Keki. Leonardi, Leonardi tena. Kila picha iliyogeuzwa ilikuwa kama kofi linaloinuliwa, halafu halishuki. Zikazunguka mpaka zikaanza kujirudia, na ile ya kijani haikuonekana. Wala ile ndogo.

Kwa kitambo kifupi alipumua. Labda Mzee Shomari alisahau kuziweka. Labda zilianguka kwenye basi.

Ndipo alipoinua macho. Baba yake alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na mfuko wa kifuani ulisimama wima, umekazwa na kitu kigumu. Ukingo wa karatasi ulichungulia juu ya mfuko. Ukingo ule ulikuwa wa kijani.

Alikuwa ameziona. Alifungua bahasha peke yake, akazitoa, akaziweka kifuani, kisha akaita watu waje kufurahi. Tangu lini? Amekaa nazo vile akiitikia salamu?

"Wankyo," Mzee Machage alisema, akiinuka. "Njoo unishikie ndama mmoja, ana jeraha."

"Mwache mtoto apumzike, ametoka safari," mama yake alisema.

"Hatachelewa."

Alimfuata. Watu waliendelea kucheka nyuma yao. Kila hatua alitaka kurudi mbio, ajifiche kwenye kanga ya mama kama alivyofanya utotoni. Zizini hapakuwa na ndama mwenye jeraha. Baba yake aliegemea mti wa lango, akatoa picha mbili mfukoni, akazishika kwa kucha, asiziharibu.

"Hawa ni kina nani?"

Wankyo alishika ubao wa lango.

"Nimeziangalia sana," baba alisema. "Macho yangu si kama zamani. Mwenye studio ana picha za watu wengi. Huenda amechanganya, akatia za watoto wa watu wengine kwenye bahasha yetu. Ukiniambia amechanganya, nitaamini. Nitampa Yusto azirudishe, na hatutalisema tena. Mama yako hajaziona. Hakuna aliyeziona."

Wankyo alimtazama. Aliuona mlango baba yake alioufungua. Ulikuwa mpana, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia, mtu ambaye hakuwa akifungua milango. Neno moja tu, amechanganya. Angerudi mkekani akacheka na wengine. Ukutani angebaki. Na kule senta, kwa fundi pikipiki, mtu mmoja angepigiwa simu, angevaa kofia yake na kwenda zake.

"Hajachanganya, baba," alisema. "Ni mimi."

Mzee Machage hakutikisika.

"Na huyu?"

"Anaitwa Jabiri. Fundi wa injini za boti, Mwigobero."

"Mwislamu."

"Ndiyo, baba."

"Amekuoa?"

"Hapana."

"Umebadili dini?"

"Hapana. Ule mtandio nilijifunga kwa utani, baba, naapa. Tulikuwa tunacheka tu. Amekuwa akitaka kutuma wazee wake kwako tangu kabla ya mfungo. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Wewe?" Sasa alimgeukia. "Kwa nini umzuie mtu anayetaka kuja kwangu kwa njia ya haki?"

"Nilikuogopa."

Alitegemea kelele. Alitegemea fimbo ipigwe kwenye lango. Baba yake alivua miwani, akaikunja, akaishika muda mrefu. Ng'ombe walicheua. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Nilipoiona hii picha nilikaa chini pale stoo kwenye magunia. Nikasema, na huyu amekwenda. Wa pili. Nikasema, wewe Machage una nini nyumbani kwako, watoto wanatoka bila kuaga?" Alizitazama tena zile picha. "Prudence naye aliniogopa?"

Wankyo hakuwa amelisikia jina lile kinywani mwa baba yake tangu siku ya mkasi. Alilia hapo hapo, bila sauti.

"Sijui, baba. Hatujawahi kumwuliza."

"Hatujamwuliza," mzee alirudia. "Yuko wapi huyu wa boti?"

Hofu ilimrudia yote, mpya kabisa. Angeweza kusema yuko Musoma.

"Yuko senta."

"Senta hapa? Nyamuswa?"

"Ndiye aliyenileta."

"Mwite."

Alimwomba baba yake amshikie mkoba. Alibonyeza ombi la kupigiwa, na Jabiri akapiga papo hapo, kana kwamba alikuwa ameitazama simu wakati wote.

"Umezichana?"

"Hapana. Baba anakuita."

"Ana fimbo?"

Wankyo aliangalia. "Ana fimbo ya kuchungia."

"Ndefu?"

"Jabiri!"

"Nakuja," alisema. Na sauti yake ilitetemeka, jambo lililomfanya Wankyo ampende zaidi.

Walingoja langoni. Walisikia pikipiki ikipanda kutoka barabarani, kisha ikazimwa ghafla kabla ya kona. Wankyo akafikiri amegeuza. Halafu Jabiri akatokea kwenye kona, anaisukuma pikipiki kwa mikono, jasho linamtoka, na grisi bado viwikoni.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Machage hakuitikia. Alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaitazama pikipiki.

"Imeharibika?"

"Hapana, mzee. Nimekuta ndama wako njiani, wadogo. Niliona wakisikia mlio watakurupuka."

Mzee aligeuza shingo kuangalia ndama. Kweli walikuwa wamelala kando ya njia, wametulia.

"Marahaba," alisema mwishowe.

Wankyo aliachia pumzi.

"Usifurahi, mura, wewe kijana. Sijakubali kitu. Hapa kuna mambo makubwa, kuna dini yenu na yetu, kuna mama yake, kuna ukoo. Naweza kukataa, na nikikataa nimekataa."

"Nimesikia, mzee."

"Tena mtu haji kwangu peke yake na grisi mikononi. Anakuja na wazee wake."

"Watakuja siku utakayoitaja."

"Nitamtumia huyu ujumbe." Alimwonyesha Wankyo kwa kidevu. "Hizi picha zitabaki kwangu. Nitamwonyesha mama yake mwenyewe, taratibu, watu wakishaondoka. Na leo huingii ndani. Nina majirani, sitaki maswali."

"Sawa, mzee."

Jabiri alimtazama Wankyo mara moja tu, haraka, kwa heshima ya mzee. Lakini katika mtazamo ule mfupi Wankyo aliona uchovu wake na hofu yake, na furaha iliyokuwa inaogopa kuonekana. Yeye akabaki na koti la Jabiri mwilini, hakuthubutu kulivua mbele ya baba amrudishie. Jabiri aligeuza pikipiki, akaanza kuisukuma kurudi kwenye kona.

"Wewe," mzee alimwita.

Wankyo alifumba macho. Amebadili mawazo, alidhani. Sasa anamfukuza.

"Mzee?"

"Barabara ile ya Butiama ina malori. Usikimbize. Ukifika Musoma, piga simu tujue umefika."

Jabiri alisimama, mikono kwenye usukani, kama hakuamini.

"Nimpigie nani, mzee?"

Mzee Machage alivaa miwani yake. Alichukua muda mrefu kuiweka sawa masikioni.

"Mpigie yeye," alisema. "Mimi ataniambia."